Agizo la Dharura Likifika Katika COOPEC: Mwongozo kwa Wasimamizi na Wanachama wa Lubumbashi

Agizo la dharura ni uamuzi ambao mdhibiti wa fedha anautoa na kutaka utekelezwe siku hiyohiyo, kabla chama hakijapewa nafasi kamili ya kujitetea. Linaweza kukataza mikopo mipya, kuweka kikomo cha kutoa akiba, kumwondoa meneja kazini, kuzuia akaunti fulani au kumleta msimamizi wa muda anayechukua mamlaka ya baraza la utawala. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wajumbe wa mabaraza, mameneja, wahasibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, yaani COOPEC, hapa Lubumbashi, kwa sababu nimeona kwamba chama kinachopokea barua ya namna hiyo mara nyingi hakiangushwi na barua yenyewe. Kinaangushwa na yale ambayo viongozi wake wanayatenda katika siku tatu au nne zinazofuata.

Sababu ya mdhibiti kufanya haraka iko katika umbile la chama chenyewe. Mama anayeuza samaki katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, anaweka akiba ambayo anaweza kuidai kesho asubuhi, na akiba hiyohiyo imekwisha kukopeshwa kwa mwalimu wa mtaa wa Katuba atakayeirudisha kidogo kidogo kwa muda wa miezi kumi na miwili. Siku za kawaida hali hiyo haina tatizo, kwa kuwa wanachama hawaji wote kwa pamoja. Siku ambayo habari mbaya imeenea, wanaofika kwanza gishe, yaani dirisha la malipo, wanalipwa hadi senti ya mwisho, na wanaofika mwisho, ambao kwa kawaida ni wazee, wagonjwa na watu wa mbali, hawakuti kitu. Agizo la dharura linakusudiwa kuzuia dhuluma hiyo, na ukilisoma kwa jicho hilo utaona kwamba mengi linayoyaamuru ndiyo ambayo baraza lenye busara lingeyafanya lenyewe.

Mamlaka yanatoka wapi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, udhibiti wa vyama vya akiba na mikopo uko mikononi mwa Benki Kuu ya Kongo, BCC, na kazi ya kila siku inafanywa na idara yake inayosimamia vyombo vya fedha, inayojulikana kwa kifupi kama DSIF. Sheria Na. 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002 ndiyo iliyoweka kanuni maalumu za COOPEC baada ya vita na mfumuko wa bei kula akiba za watu. Sheria ya kikaboni Na. 18/027 ya tarehe 13 Desemba 2018 inapanga kazi na mamlaka ya Benki Kuu yenyewe, na Sheria Na. 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 inahusu shughuli na udhibiti wa taasisi za mikopo. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo pia katika OHADA, shirika la nchi za Afrika linalooanisha sheria za biashara, ambalo Sheria yake ya Pamoja kuhusu vyama vya ushirika ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Hata hivyo, sheria hiyo inaviacha vyama vinavyofanya kazi ya fedha chini ya kanuni za fedha za kila nchi, kwa hiyo kiongozi asidanganyike kwamba katiba ya ushirika inamkinga dhidi ya Benki Kuu.

Barua itakuja kwa Kifaransa, na uzito wake utaujua kwa maneno yaliyomo. *Mise en garde* ni onyo: mdhibiti ameona kasoro na anataka maelezo na marekebisho. *Injonction* ni amri ya kutenda jambo fulani, au kuacha kulitenda, ndani ya muda uliotajwa. *Administration provisoire* maana yake viongozi wanasimamishwa na msimamizi wa muda anakaa mahali pao. *Retrait d'agrément* ni kufutwa kwa kibali, na baada yake kwa kawaida inakuja hesabu ya kufunga chama. Ngazi hizi hazipandwi lazima moja baada ya nyingine, kwani hali ikiwa mbaya sana mdhibiti anaweza kuruka. Nchi nyingine zina mpangilio unaofanana na huu. Marekani, kwa mfano, msimamizi wa vyama vya mikopo, NCUA, anaweza kutoa amri ya muda ya kusitisha shughuli inayoanza kufanya kazi mara inapokabidhiwa, na chama kina siku 10 za kwenda mahakamani kuomba iondolewe. Utii unatangulia na hoja zinafuata, na kiongozi anayegeuza utaratibu huo anajiharibia kesi yake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kupokea na kusoma

Anayepokea barua aandike juu ya nakala tarehe na saa ya kuipokea, jina lake na cheo chake, kisha atie sahihi kwamba amepokea. Kupokea si kukubali, na maneno «nimepokea, bila kukiri yaliyomo» yanaruhusiwa na yanatosha. Muda wote unaotajwa katika barua utahesabiwa kuanzia saa hiyo.

Kabla ya kutekeleza chochote, hakikisheni kwamba barua ni ya kweli. Mjumbe mmoja wa baraza aende mwenyewe kwenye ofisi ya Benki Kuu mjini, akiwa na nakala, aulize kama barua yenye namba hiyo imetoka kwao. Asipige simu kwa namba iliyoandikwa kwenye barua, maana mtu aliyeghushi barua hashindwi kughushi na namba. Barua ya uongo inayomwamuru mtunza hazina ahamishe fedha kwenda «akaunti ya ulinzi» ni wizi wa kawaida katika nyakati za hofu, na agizo halisi halitawaambia kamwe mpeleke akiba za wanachama kwa mtu binafsi au kwenye namba ya simu.

Kisha someni barua mkiwa watu watatu au zaidi, mstari kwa mstari, mkiandika katika karatasi moja majibu ya maswali haya: ni nini kimekatazwa kabisa, ni nini kimeruhusiwa kwa masharti, ni nini mnatakiwa kutenda, kwa tarehe gani, taarifa ipelekwe kwa nani na kila baada ya siku ngapi, na ni kifungu gani cha sheria kimetajwa kuwa msingi. Mahali ambapo barua haieleweki, mfano inaposema «mikopo mipya» bila kusema kama kuongeza muda wa mkopo wa zamani ni mkopo mpya, ulizeni kwa maandishi siku hiyohiyo, na mpaka jibu lifike chukueni maana iliyo kali zaidi. Viongozi wengi wanachukua maana inayowafaa, na katika taarifa ya ukaguzi jambo hilo linaandikwa kuwa ukaidi.

Hatua ya pili: saa ishirini na nne za kwanza

Hapa ndipo chama kinapookolewa au kuharibiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jambo la kwanza ni kuhesabu fedha taslimu zilizomo katika kasha kubwa na katika kila gishe, mbele ya mashahidi wawili ambao si watunza fedha, mmoja wao akitoka katika baraza la uangalizi. Franka zihesabiwe peke yake na dola peke yake. Noti za dola zilizochanika au zilizochakaa, ambazo sokoni hakuna anayezipokea, ziandikwe kando kwa sababu hazitamlipa mtu kesho. Hati ya hesabu isainiwe na wote, ipigwe picha na nakala yake itolewe nje ya jengo.

La pili ni kunakili kumbukumbu zote. Kama mnatumia programu ya hesabu, nakala kamili ichukuliwe mara tatu: moja ibaki ofisini, moja kwa mwenyekiti wa baraza la uangalizi, moja mahali pengine pa salama. Kama mnatumia daftari, pigeni picha kila ukurasa wa salio za akiba na za mikopo. Mwezi Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama, ilionekana jinsi mji mzima unavyoweza kuacha ofisi zake kwa saa chache, na daftari lililopo mahali pamoja tu halina kinga. Katika mgogoro wa udhibiti hatari ni nyingine. Kurasa huondolewa usiku na mtu ambaye mkopo wake hautakiwi kuonekana. Nakala iliyochukuliwa kabla ya jua kuzama inamwondolea mtu huyo kishawishi.

La tatu ni funguo na sahihi. Andikieni mabenki ambako chama kina akaunti na kuwajulisha ni nani wanaruhusiwa kutia sahihi kuanzia sasa. Hapa kuna tundu ambalo limewaumiza wengi, nalo ni akaunti za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mara nyingi laini ya simu inayopokea marejesho ya wanachama imesajiliwa kwa jina la mtunza fedha au la meneja mwenyewe, na namba ya siri anaijua yeye peke yake. Siku ambayo mtu huyo anasimamishwa, fedha za chama zinabaki mfukoni mwake kimatendo. Salio la kila laini lisomwe mbele ya mashahidi, lihamishiwe katika akaunti ya chama benki, na risiti ihifadhiwe.

La nne ndilo gumu zaidi kwa nafsi. Kuanzia saa ya kupokea barua, wajumbe wa mabaraza, meneja, wafanyakazi, wake na waume zao, watoto wao na kampuni zao wasitoe hata franka moja ya akiba zao, hata kama agizo halijasema hivyo. Andikeni uamuzi huo na kila mmoja autie sahihi. Mwenyekiti anayetoa dola zake elfu tatu mlango wa nyuma asubuhi, kisha mchana akawatangazia wanachama wawe watulivu, amewaibia mara mbili, na msimamizi wa muda akija atazirudisha fedha hizo katika hesabu na jina lake litakuwa la kwanza katika taarifa. Watu wa mji huu waliona akiba zao zikiyeyuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa mfumuko wa bei uliomaliza sarafu ya zaire, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walioondoka kazini mwaka 2003 na 2004 wanajua maana ya kuwa na fungu moja tu la fedha la kuishi nalo maisha yote. Kiongozi anayekaa juu ya akiba za watu kama hao hana haki ya kuwa wa kwanza mlangoni.

Hatua ya tatu: kujua mna siku ngapi

Usiku huohuo mhasibu afanye jedwali la ukwasi, yaani la fedha zinazoweza kulipwa mara moja. Nitatumia mfano wa kubuni, na nimeweka kila kitu katika dola ili hesabu ifuatwe kwa urahisi, ingawa ninyi mtafanya majedwali mawili, moja la dola na moja la franka, kwa sababu mwenye akiba ya dola hatakubali kulipwa franka kwa bei ya jana.

Chama kina akiba za wanachama 420,000. Katika kasha na gishe kuna 14,000, benki kuna 37,000, katika simu 4,000, jumla 55,000. Ukigawa, ni asilimia 13 ya akiba. Vipimo vya PEARLS, ambavyo Baraza la Dunia la Vyama vya Mikopo liliviweka na ambavyo wakaguzi wengi wanavitumia, vinataka angalau asilimia 15, kwa hiyo mtu anaweza kudhani pengo ni dogo. Lakini katika zile 37,000 za benki, 20,000 zimefungwa kuwa dhamana ya mkopo ambao chama kilichukua mwaka jana. Fedha inayoweza kutumika ni 35,000, yaani asilimia 8 tu.

Sasa angalieni mwendo wake. Wiki iliyopita walitoa wanachama 60 kwa siku, wastani dola 150, jumla 9,000. Mikataba ya mikopo inasema marejesho yangekuwa 5,000 kwa siku, lakini daftari la siku thelathini zilizopita linaonyesha 2,200. Andikeni 2,200, kwa maana fedha ya mkataba hailipi mtu. Kila siku zinapungua 6,800, na 35,000 zitakwisha baada ya siku tano.

Baraza likifikiri kuweka kikomo cha dola 50 kwa mwanachama kwa wiki, litaona ni kidogo na litajiona limekuwa kali. Wanachama hai ni 1,400, na wote wakija, wiki moja itadai 70,000, mara mbili ya kilichopo. Kwa kikomo cha dola 20, wiki inadai 28,000, marejesho ya siku sita za kazi yanaingiza 13,200, upungufu ni 14,800, na chama kinapata wiki mbili na ushee za kutafuta suluhisho. Kikomo kipatikane kwa hesabu ya namna hii na kipelekwe kwa mdhibiti kikiwa na jedwali lake, maana kikomo kinachotangazwa Jumatatu na kupunguzwa Alhamisi kinazidisha foleni. Benki ya BIAC ilipowekea wateja wake kikomo mwaka 2016, kisha ikaingia chini ya usimamizi wa muda, nchi nzima ilijifunza jinsi imani inavyokwenda kwa haraka kuliko fedha.

Hatua ya nne: kuwaambia wanachama

Baraza la utawala na baraza la uangalizi wakutane kwa dharura ndani ya siku hiyo ya kwanza, waandike muhtasari, wachague msemaji mmoja. Wafanyakazi wa gishe waambiwe kabla ya wanachama, kwa kuwa ndio watakaoulizwa kwanza na ndio watakaotukanwa kwanza. Msiwaache bila majibu.

Tangazo libandikwe mlangoni kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa pembeni yake, likiwa na maneno yanayoeleweka. Mfano huu unaweza kurekebishwa:

«Kwa wanachama wote. Tarehe fulani chama chetu kimepokea agizo la Benki Kuu ya Kongo. Kuanzia leo hatutatoa mikopo mipya. Kila mwanachama anaweza kutoa hadi dola 20, au thamani yake katika franka, mara moja kwa wiki, kwa siku iliyopangwa kufuatana na namba ya kitabu chake. Kikomo hiki kinawahusu wote, viongozi na wafanyakazi wamezuiwa kutoa kabisa. Marejesho ya mikopo yanaendelea kama kawaida. Ugonjwa na msiba vitasikilizwa na kamati ya watu watatu kila siku saa nne asubuhi, na ushahidi uletwe. Tutatoa habari mpya Ijumaa, hata kama hakuna kilichobadilika.»

Msiandike kwamba fedha zote ziko salama, isipokuwa mmehesabu na mnaweza kulithibitisha. Mama mzee akija gishe na kuuliza, «Baba, makuta yetu iko wapi?», ajibiwe kwamba sehemu iko katika kasha, sehemu iko benki na sehemu kubwa iko mikononi mwa wanachama waliokopa, na aonyeshwe salio lake limeandikwa. Jibu hilo linauma, lakini linamwacha akiwa ameelewa. Ijumaa ikifika, toeni habari mliyoahidi. Kutoonekana kwa viongozi siku waliyoitaja wenyewe kunafanya kazi kubwa ya uharibifu kuliko agizo.

Kuhusu msamaha wa ugonjwa na msiba, kanuni iandikwe kabla ya ombi la kwanza, ikitaja kiwango cha juu na ushahidi unaokubalika, kama karatasi ya hospitali. Kamati isiyo na kanuni itawasaidia jamaa zake, hata bila kukusudia.

Hatua ya tano: jibu kwa mdhibiti

Taarifa ya kwanza ipelekwe kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama haijakamilika, ikisema wazi ni sehemu gani inakuja baadaye na lini. Iwe na hati ya hesabu ya fedha, jedwali la ukwasi, orodha ya mikopo yote ya viongozi na jamaa zao, na hali halisi ya mikopo inayochelewa.

Hali halisi ya mikopo ndiyo inayofichwa zaidi, kwa njia ya kumpa mdaiwa mkopo mpya alipe wa zamani, ili daftari lionekane safi. Pangeni mikopo kwa umri wa kuchelewa na mtenge akiba ya hasara ipasavyo. Kipimo cha PEARLS ni asilimia 100 kwa mkopo uliochelewa zaidi ya miezi 12, na asilimia 35 kwa uliochelewa mwezi 1 hadi 12. Turudi kwenye chama chetu cha mfano: 25,000 zimepita mwaka, 60,000 ziko ndani ya mwaka. Kinachotakiwa kutengwa ni 25,000 na 21,000, jumla 46,000. Kilichotengwa ni 12,000. Pengo la 34,000 litakatwa kwenye mtaji wa chama wa 41,000, na zitabaki 7,000 dhidi ya mali ya takriban 466,000, chini ya asilimia 2, wakati kipimo ni asilimia 10. Ni afadhali namba hiyo itoke kwenu kuliko mkaguzi kuigundua, kwa sababu mdhibiti anaweza kuvumilia chama maskini kinachosema kweli, ila hawezi kukiachia akiba za watu chama ambacho daftari lake haliaminiki.

Mpango wa kujirekebisha ufuate, na kila jambo liwe na jina la mtu, tarehe na kiasi. «Kuimarisha ukusanyaji wa madeni» si mpango. Mpango ni kusema kwamba wadaiwa ishirini wakubwa, wenye kiasi fulani kwa jumla, watatembelewa na afisa fulani kabla ya tarehe fulani, na wasiolipa watapelekwa mahakama ya biashara, ambayo Lubumbashi tunayo. Kuuza kiwanja ambacho chama hakikitumii, kuomba mkopo wa ukwasi kwa mtandao wenu kama mmo katika mtandao wa vyama, kuwaalika wanachama waongeze hisa na kuunganishwa na chama chenye nguvu, yote yaandikwe kwa makadirio ya chini.

Msimamizi wa muda akija

Mkabidhini kila kitu kwa hati: funguo, mihuri, hundi, namba za siri, mikataba, orodha ya wanachama, kesi zilizopo mahakamani. Tangu saa hiyo baraza halina mamlaka ya kusaini. Uanachama wenu haufi, wala akiba za wanachama hazigeuki kuwa zake, naye anawajibika kwa aliyemteua. Viongozi waliosimamishwa wakae karibu kujibu maswali, wasifanye mikutano ya pembeni ya kuwachochea wanachama.

Kupinga agizo

Chama kinachoamini kwamba agizo limekosewa kina haki ya kulipinga. Anza kwa malalamiko ya maandishi kwa mamlaka iliyotoa uamuzi, ukitaja kosa la ukweli au la sheria, na vielelezo. Baada yake njia ni mahakama za kiutawala, ambazo juu yake lipo Conseil d'État, mahakama ya kiutawala ya juu kabisa, zilizopangwa na Sheria ya kikaboni Na. 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, pamoja na taratibu za haraka za kuomba uamuzi usimamishwe kwa muda. Mwanasheria atafutwe siku za kwanza, kwa kuwa tarehe za kupinga hazingoji. Wakati huo wote agizo linatekelezwa. Hoja nzuri kuliko zote ni ya namba: kama mdhibiti alisoma salio la benki la mwezi uliopita na leo ni tofauti, leteni hati ya benki.

Kwa mwanachama wa kawaida

Peleka kitabu chako kikaandikwe salio na kugongwa muhuri, upige picha ukurasa huo, na utunze risiti zote. Ukiona salio la kitabu halilingani na la chama, andika barua mara moja na ubaki na nakala iliyopokelewa. Usimuuzie mtu haki ya akiba yako kwa nusu bei. Wapo wanaozunguka masoko siku kama hizo wakiwa na fedha taslimu, na mara nyingine wanajua jambo ambalo wewe hulijui.

Kama una mkopo, endelea kulipa. Wanachama wengi wanasema, «Wao wamefunga makuta yangu, nami nitafunga yao,» bila kuona kwamba marejesho yao ndiyo yanayomlipa jirani yao wiki ijayo, na kwamba deni halifutiki chama kikifungwa, kwa kuwa anayefunga hesabu za chama atalidai. Kama una akiba na mkopo kwa pamoja na unataka kimoja kikatwe kwenye kingine, omba kwa maandishi na usijikatie mwenyewe. Mkutano mkuu ukiitishwa, nenda. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, mwenye dola 30 sawa na mwenye dola elfu thelathini.

Agizo linapoondolewa

Dai barua. Maneno ya simu kutoka kwa afisa hayaondoi agizo, na kikomo kikifunguliwa kwa maneno hayo baraza litakuwa limevunja amri ambayo bado inaishi. Barua ikifika, fungueni kwa ngazi: dola 20 ziwe 60, wiki mbili baadaye 150, mkitazama jedwali la ukwasi kila jioni, na mikopo mipya ianze na ile midogo ya miezi mitatu kwa wanachama walioendelea kulipa wakati wa agizo. Zuio la viongozi kutoa akiba zao liondolewe la mwisho, baada ya wanachama wote kuwa huru kutoa, na tarehe ya kuliondoa ibandikwe mlangoni kama yalivyobandikwa matangazo mengine.